Keki ya Baba Krismasi ya kusimama: nyekundu isiingie kwenye ndevu, nafanyaje?

Tumaini_K
Wanajamvi, salamu. Nina kalibu ya vipande viwili, mbele na nyuma, inayotoa Baba Krismasi mzima aliyesimama. Kuoka sina shida. Hofu yangu ni mbili: asije akaanguka, na nyekundu ya koti isichafue ndevu. Nitumie fondanti (lile donge la sukari linalosukumwa kama chapati na kufunika keki) au krimu ya siagi? Napamba usiku, inaliwa kesho yake mchana.

Jiko Moto
Kabla ya rangi tuangalie mwili, mkuu. Sponji laini haisimami. Oka keki nzito ya siagi, iache ipoe kabisa, ikiwezekana ilale hadi kesho yake. Kata kitako kiwe bapa, paka aisingi ya ute wa yai (ute uliopigwa na sukari ya unga) kwenye ubao, msimamishe hapo. Ikikauka inashika kama gundi. Halafu chomeka kijiti cha mbao kuanzia kichwani hadi kigonge ubao. Kofia itakificha. Kitoe kabla ya kukata, maana watoto hawaangalii.

Dada Sukari
Fondanti kwa umbo lenye mikunjo mingi hivyo ni kujitafutia kazi, pua na mikono vyote vinapotea. Iachie macho, mkanda na vifungo tu. Kwingine krimu: siagi gramu 250, sukari ya unga gramu 500. Paka tabaka jembamba la kushika makombo, weka friji nusu saa, kisha jaza vinyota kwa nozo ndogo (ile ncha ya mfuko wa krimu), vibanane. Hata mkono ukitetemeka hakuna atakayejua.

Nyekundu ndiyo yenye kiburi. Tumia rangi ya jeli, ile ya maji inaharibu krimu. Changanya asubuhi, anza na kakao kidogo ili isibaki pinki, uiache: baada ya saa kadhaa inakolea yenyewe. Wanaotaka ikolee papo hapo ndio wanaomaliza kichupa kizima na kulisha wageni krimu chungu.

Tumaini_K
Asante sana dada. Na ndevu?

Dada Sukari
Mwisho kabisa. Koti kwanza, friji hadi ligande, ndipo nyeupe.

Mzee wa Nozo
Naongezea: ndevu anzia chini ukipanda kwenda juu, kila safu ifunike kichwa cha ile ya chini. Ukianzia juu zinaonekana kama zimebandikwa.

Ila sikubaliani na friji bila kifuniko. Keki ikitoka kwenye baridi inatoa jasho, na hilo jasho ndilo linaloteremsha nyekundu kwenye nyeupe. Iweke ndani ya boksi lililofungwa, na ukiitoa usifungue mpaka baridi iishe. Jasho litabaki juu ya boksi.

Tumaini_K
Hilo la boksi sikulijua kabisa. Na kusafirisha kwa gari?

Jiko Moto
Sakafuni, si kwenye kiti. Kiti kina mteremko. Chini ya ubao tandika kitu kisichoteleza, na dereva asikanyage breki kwa hasira.