Mizani imegoma

Zuhura: Assalam alaykum familia. Naomba niulize kitu na msinikasirikie. Leo siku ya 24 tangu operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula ili nipungue, na mizani imegoma. Mwanzo ilishuka vizuri sana, nilitoka 128 nikafika 117 kwa siku 18 tu, tangu hapo ni 117, 117, leo asubuhi 117.4!! Nakula vijiko vinne vya uji nimeshiba, sasa kilo inapanda kwa chakula gani? Nimelia asubuhi nzima

Mama: Wa alaykum salaam mwanangu. Pole. Mimi nilisema toka mwanzo huyu mtoto hali, mwili unaisha nguvu. Kesho nakuja Dar na basi la asubuhi, nakuletea bokoboko la kuku wa kienyeji ule ushibe

Kaka Idi: Mama bokoboko bado, karatasi aliyopewa hospitali imeandika saizi ni vitu vilivyosagwa laini tu

Kaka Idi: Na wewe Zuu usilie. Mwakani saa kama hizi uko kilo 60 kama siku ya harusi yako, we subiri

Baba Mdogo Hamisi: Pole sana binti. Rehema yuko wapi, yeye ndo mambo yake haya

Rehema: Shikamoo mamkubwa, shikamoo ba mdogo. Ndo natoka zamu ya usiku nimeona msg nyingi. Dada Zuu kwanza futa machozi, hiyo ya mizani kugoma wiki ya tatu au ya nne inawapata wengi mno, mimi nikiona mgonjwa wa slivu, yaani operesheni kama yako ya kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, hajagomewa hata mara moja ndo nashangaa

Rehema: Iko hivi. Siku za mwanzo ulipokuwa unakunywa maji na supu tu, mwili ulitumia ile sukari uliyoiweka akiba kwenye ini na misuli, na ile sukari inakaa pamoja na maji mengi, kwa hiyo ilivyotumika na maji yakaondoka nayo. Zile kilo 11 sio mafuta yote dada, maji yamo mengi. Sasa umeanza uji na vya kusagwa mwili unarudisha akiba yake kidogo na maji yake. Mafuta yanaendelea kuyeyuka ila maji yanayaficha kwenye mizani. Inaweza kukaa wiki moja, mbili, wengine hata tatu, halafu inaachia yenyewe

Zuhura: Kwa hiyo sijaharibu?

Rehema: Hujaharibu chochote. Ila unapima mara ngapi kwa siku, sema kweli

Zuhura: Asubuhi na jioni. Na usiku nikienda chooni

Rehema: Hapo ndo pa kurekebisha. Pima mara moja kwa wiki, siku moja, saa ile ile, kabla ya chai. Na chukua futi ya fundi cherehani ujipime kiuno, nyonga na mkono, uandike. Mizani ikigoma mara nyingi futi inasogea

Rehema: Kaka Idi naomba na wewe usinielewe vibaya, ila hiyo 60 tuiondoe kabisa tusije tukamvunja moyo mbele ya safari. Operesheni ya aina yake kwa kawaida mtu anapungua kama asilimia 25 mpaka 30 ya uzito aliokuwa nao, na inachukua mwaka mpaka mwaka na nusu. Kwa 128 ni kama kilo 32 mpaka 38. Yaani akifika 95 au 90 atakuwa amefanikiwa. Wapo wanaozidi hapo na wapo wanaopungua chini ya hapo. Mwendo wenyewe ni wa kasi miezi 3 ya mwanzo, ukifika mwezi wa 6 unapoa, ukikaribia mwaka unatambaa

Kaka Idi: Aisee sikujua. Zuu nisamehe

Zuhura: Hamna kaka. Ila kusema ukweli na mimi nilikuwa na 60 kichwani

Shangazi Mwanaidi: Zuhura mwanangu. Huku Muscat jua kali nilikuwa nimelala ndo nasoma sasa. Sikiliza mimi niliyefanyiwa, maana Rehema anajua kwa kusoma na kuhudumia, mimi najua kwa mwili wangu. Mimi yangu ilikuwa baipasi, ile ya kufanya mfuko wa chakula mdogo na kuuunganisha na utumbo wa mbele, si kama yako lakini njia ni moja. Niliingia na 134. Nikagoma wiki ya nne siku 12, nikagoma tena mwezi wa tano karibu mwezi mzima, nikamwambia daktari nirudishieni pesa zangu. Mwaka na nusu nikawa 88. Sasa miaka miwili na kitu niko 93, na hizo 5 zilivyorudi niliona aibu nikaacha kwenda kliniki, kumbe wengi zinawarudia kidogo baada ya mwaka wa pili na daktari hakunigombeza hata kidogo. Nilikuwa sipandi ngazi mbili bila kushika ukuta, leo naswali nimesimama, nasujudu na nainuka mwenyewe. Hiyo mizani haikuonyeshi

Mama: Alhamdulillah wifi. Hilo la kuswali umeniliza

Shangazi Mwanaidi: Na nywele. Hili hakuna aliyeniambia nikaona niko peke yangu. Mwezi wa 3 mpaka wa 6 hivi zitakatika, utazikuta kwenye mto na kwenye kitana, mimi nilijifungia ndani nikidhani nina maradhi mengine. Zinarudi. Zangu zimerudi zote

Rehema: Kweli shangazi, mwili ukipata mshtuko wa operesheni na kupungua haraka nywele zinapumzika, halafu zinaota upya. Ila protini ikiwa ndogo zinakatika zaidi. Dada Zuu kwa siku tafuta gramu 60 mpaka 80. Yai moja ni kama 6, kwa hiyo uji mtupu haukufikishi popote, tia maziwa, kula mtindi usio na sukari, samaki wa kusaga, maharage ya kusaga. Protini kwanza ndo uji ufuate. Na maji lita moja na nusu kwa siku, kidogo kidogo, sio wakati wa kula, subiri nusu saa

Baba Mdogo Hamisi: Na sukari yake je, maana alikuwa anakunywa dawa

Zuhura: Ba mdogo sukari imeshuka toka wiki ya kwanza, daktari amenipunguzia dawa nimebaki na nusu

Rehema: Ndo inavyokuwa kwa wengi, sukari inatangulia kushuka kabla hata kilo hazijaenda mbali. Ila dada endelea kupima, na ukitetemeka au kutoka jasho la baridi mpigie daktari, usipunguze wala kuongeza mwenyewe

Shangazi Mwanaidi: Vitamini pia usiache hata ukijiona mzima. Mimi niliacha miezi minne nikapungukiwa damu. Hizo ni za maisha. Na ukialikwa harusini halua usiiguse kwa sasa, mimi vijiko vitatu tu moyo ulienda mbio, jasho, tumbo, nikalala chini kwenye mkeka wa watu

Shangazi Mwanaidi: Jingine nakwambia kama mama. Mwaka mmoja na nusu usishike mimba. Uzito ukishuka uzazi unafunguka, wengi wanashtukia wamenasa. Zungumza na mumeo na daktari mapema

Zuhura: Sawa shangazi nimekuelewa

Mama: Na Ramadhani je?

Rehema: Mamkubwa hiyo amuulize daktari wake, ila miezi ya mwanzo mfuko wa chakula umebaki mdogo mno, hawezi kunywa maji ya kutosha usiku peke yake. Atalipa baadaye inshallah

Rehema: Nisisahau, kitu kimoja hakisubiri group. Ukitapika kila unachokula siku mbili mfululizo, au homa, au moyo kwenda mbio na tumbo kuuma sana, unaenda hospitali saa hiyo hiyo hata usiku. Kutapika sana kunamaliza vitamini B1 na inaharibu mishipa ya fahamu. Na dawa ya maumivu usinunue tu dukani, ibuprofeni na diklofenaki weka mbali, muulize daktari kwanza

Zuhura: Sijatapika toka wiki ya kwanza. Asanteni jamani. Nimejipima na futi sasa hivi, na lile dera la kijani lililokuwa linanibana kwapani limeingia bila kuvuta

Kaka Idi: 💪🏾💪🏾 Mizani naja kuichukua jioni naiweka kwangu, nakuletea kila Ijumaa asubuhi

Zuhura: Njoo kaka, kweli njoo uichukue

Mama: Rehema mwanangu, mimi kesho nakuja vile vile. Hapa Tanga changu wako wazuri wametoka baharini leo. Nimchemshie bila nazi?

Rehema: Ndio mamkubwa, bila nazi, ndimu na chumvi kidogo tu. Toa miba yote halafu saga na mchuzi wake mpaka uwe kama uji mzito. Vijiko vitatu vinne anatosheka, usimwambie aongeze

Mama: Sitamwambia