Kufungwa kwa shughuli wakati wa korona: nani aliumia, na kwa nini?

Chipukizi: Wakubwa, shikamooni. Naandaa hoja za mdahalo kuhusu nchi zinazoendelea na zile amri za kukaa ndani. Kila ninachosoma ni pato la taifa tu. Mimi nataka watu: vibarua, watoto, familia. Mfano gani nikiutoa hautapingika?

Bwana Afya Mstaafu: Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya afya ya jamii, kwa hiyo karantini siibezi. Ila amri ile ilimfaa mtu mwenye mshahara wa mwezi, bomba la maji ndani na chumba cha kujitenga. Kibarua hulipwa jioni, hununua chakula jioni hiyo hiyo. Akiba yake ni kesho kwenda tena kazini.

Anza na India. Tarehe 24 Machi 2020, saa mbili usiku, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza nchi nzima ifungwe siku 21 kuanzia saa sita usiku huo huo. Saa nne za kujiandaa! Treni za abiria zikasimama. Vibarua wa Delhi na Mumbai hawana kazi, kodi inadaiwa, wakashika njia kwa miguu kurudi vijijini, mamia ya kilomita, watoto mabegani. Treni maalumu za kuwarudisha makwao zilianza Mei mosi. Amri ya kuwatuliza watu majumbani ndiyo iliyowamwaga barabarani.

Kenya nako, siku ya kwanza ya kafyu, 27 Machi, watu waliokuwa wakiwahi kivuko cha Likoni, Mombasa, walisongamana, polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Kirusi cha njia ya hewa, nawe unawakohoza watu waliobanana!

Kalamu Nyekundu: Mzee, usiegemee upande mmoja. Aprili 2021 huko huko India watu walihangaika kutafuta mitungi ya oksijeni. Kuacha kila kitu wazi nako kuliua.

Bwana Afya Mstaafu: Sijasema wasifunge. Nauliza hela ilikuwa wapi. Afrika Kusini ilifunga mwishoni mwa Machi 2020; ruzuku ya randi 350 kwa mwezi kwa wasio na kipato ikaja Mei. Kidogo, na njaa ilishatangulia, lakini angalau kuna aliyekumbuka kwamba watu hula.

Ticha wa Zamu: Mdogo wangu, usiache shule. Uganda ilizifunga Machi 2020. Ukiondoa madarasa yaliyorudi kwa vipindi, hazikufunguliwa kwa wote hadi 10 Januari 2022. Masomo ya redioni yalikuwepo, sawa, ila redio haisahihishi daftari. Mtoto aliyeacha darasa akiwa na miaka 13 alirudi akikaribia 15, ameshazoea kushika hela yake mwenyewe, na sasa umwambie akae na wadogo zake dawati moja. Wasichana wengi walipata mimba au wakaozwa. Walimu wa shule binafsi, ambao mishahara yao ni karo, waligeukia vibarua na biashara ndogondogo; baadhi hawakurudi tena. Kenya ilifuta mwaka mzima wa masomo, ikafungua kwa wote Januari 2021, kisha ikabana likizo kufidia.

Wakikubana kuhusu vifo, kubali haraka, usipoteze dakika zako hapo. Halafu waulize kwa nini katika nchi nyingi baa zilifunguliwa kabla ya darasa la tatu.