Ile picha ya daraja mnayoposti kila mwaka SIYO Kyaka, acheni kupotosha watu

Wakuu heshima kwenu. Leo nimechoka na sitaki kuremba.

Kila ikifika Julai 25, Siku ya Mashujaa, kuna ile picha nyeusi na nyeupe inaanza kuzunguka, mnaijua, askari weusi wanavuka kwa mguu daraja la vyuma linaloelea juu ya mto mpana sana, nyuma yao malori, ng'ambo vilima vyenye msitu, na chini imeandikwa "JWTZ wakivuka mto Kagera, Kyaka, Novemba 1978". Mwaka huu nimeipata grupu la ukoo, grupu la kazini, hadi grupu la kwaya, na kilichonimaliza kabisa ni ukurasa mmoja mkubwa wa historia ambao umeipaka rangi, ukaikata pembeni, ukaweka nembo yao juu kana kwamba wao ndio walioipiga. Maelfu wameshea.

HIYO SIYO KYAKA. Siyo Kagera, siyo Tanzania, na siyo 1978. Hiyo ni Kalewa, mto Chindwin, Bama (Myanmar ya sasa), Desemba 1944, Vita Kuu ya Pili. Hao askari ni makeya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.

Kabla hamjaniuliza nimejuaje, nilianzia kwenye mto. Mimi kwetu ni Missenyi, Kyaka nimepita toka nikiwa mgongoni kwa mama. Kagera pale ni mto mwembamba wenye kina na maji ya kasi, ukisimama kingo hii unamwita mtu wa kingo ile na anageuka. Sasa rudini kwenye picha. Hilo daraja ni Bailey, lile la kuunga fremu za chuma, na kila fremu ina futi 10, yaani mita 3 na kidogo. Nikazumu nikaanza kuhesabu fremu moja moja kwa ncha ya kalamu, nimefika 52 na picha ikaishia hapo, daraja bado halijafika ng'ambo! Hiyo ni zaidi ya mita 150 na maji bado yanaendelea. Kagera ya Kyaka iko wapi hapo? Daraja la Kalewa lilikuwa na futi 1,154, kama mita 350 hivi, na wakati linafunguliwa Desemba 10, 1944 ndilo lilikuwa Bailey refu kuliko yote duniani. Vipande vyake viliungwa kwenye mto Myittha, ule unaoingia Chindwin pale pale Kalewa, vikateremshwa na maji vikaja kufungwa pamoja.

Halafu angalieni bunduki jamani. Yule askari wa tatu kutoka kulia, bunduki yake ina komeo pembeni, lile la kuvuta kila ukipiga risasi moja. Hiyo ni ile .303 ya Mwingereza. Mwaka 1978 vijana wetu walikuwa na SMG na SAR, bunduki zinazojikoki zenyewe, muulizeni mzee yeyote aliyekuwa mgambo atawaambia. Na kofia? Kofia pana la kitambaa kigumu, ukingo umekunjwa upande mmoja. Ni lini JWTZ walivaa hivyo?

Lakini kinachoniuma zaidi ni kile walichokata. Nimeitafuta picha nzima, ipo kwenye mkusanyo wa Imperial War Museum kule London, namba yake inaanza na SE, ule mfululizo wa picha za jeshi la Uingereza Kusini-Mashariki mwa Asia. Kwenye picha nzima, kona ya chini kushoto, kuna bampa la lori na kwenye bampa kuna alama ya kichwa cha faru. Faru ndiyo alama ya Divisheni ya 11. Hiyo kona ndiyo imekatwa. Sasa mtu akikata kona yenye jibu halafu akaandika jibu lake, mimi nimwiteje?

Nilimfuata admini inboksi kwa adabu kabisa, shikamoo nikampa, nikamtumia picha nzima, nikamwekea duara jekundu kwenye faru, nikamweleza habari ya fremu. Akanijibu "mkuu watu wameshaipenda, kikubwa ujumbe". Nikamwambia kaka ujumbe gani wakati hao siyo watu unaowasema? Akanipiga bloku. Na komenti zangu zote kafuta, zimebaki za watu wanaoandika "mashujaa wetu".

Sasa sikilizeni kwa nini siwezi kuliacha hili.

Babu mzaa baba alikuwa keya. Alikuwa Batalioni ya 36, ya Tanganyika. Walipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya sasa) kwanza, halafu 1944 wakaingizwa Bama katikati ya masika ya kule, wakateremka bonde la Kabaw kwa miguu kwenye tope, malaria huku, Wajapani kule. Walianzia mji unaitwa Tamu, na babu akilitaja hilo jina alikuwa ananyamaza kwanza. Kalewa ilichukuliwa Desemba 2, na siku nane baadaye daraja likawa tayari. Alikuwa akituhadithia hilo daraja tukiwa watoto, alikuwa anatandaza kiganja hewani anakishusha na kukipandisha taratibu, anasema lori likipita daraja linazama kidogo halafu linainuka, unalisikia miguuni kama kitu kinachohema. Na waliambiwa wasipige hatua pamoja, kila mtu atembee kivyake, lisije likayumba.

Rudini tena kwenye picha muangalie miguu. Hakuna wawili wanaokanyaga pamoja. Kule kwenye komenti kuna vijana wameandika "hawa hata kwata hawajui". Wanajua! Wameamriwa! Nilisoma hiyo komenti nikaweka simu chini nikatoka nje.

Babu alifariki 1996, hana hata picha moja ya vita. Hizi picha za makeya zilizobaki ndizo ushahidi tulionao wajukuu kwamba wazee wetu walifika kule. Wengine wako kwenye makaburi ya Taukkyan, karibu na Rangoon, hakuna ndugu aliyewahi kuwawekea hata ua. Mnamwondoa mtu Bama, mnamvisha vita ambayo hakupigana, mnampaka na rangi.

Na upande wa pili, mama yangu ni mtu wa Bunazi, kaskazini ya mto Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipoingia, alikimbia na mdogo wake mgongoni na sufuria kichwani, akavuka daraja la Kyaka kabla halijalipuliwa. Novemba 3 wakalivunja kwa baruti, baada ya ndege zao kulikosa. JWTZ wakaja kuvuka mwezi huo huo kwa daraja la muda, na hapo nakubali ndipo mkanganyiko ulipoanzia, daraja la kijeshi na daraja la kijeshi, watu wakaunganisha. Lakini waliovuka Kagera mwezi ule walikuwa watu wenye majina, wengine wamelala Kaboya pale Muleba, kwa nini nao wawekewe sura za watu wengine? Nilimwonyesha mama ile picha, akaitazama sana, akasema "mwanangu huu mto mbona siujui".

Tena msinijie na ile ya "wewe unapinga uzalendo". Mtu aliyekimbia na sufuria kichwani ndiye aliyenizaa.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Mwenye ukurasa abadilishe maelezo aandike Kalewa, Chindwin, Desemba 1944, KAR, na arudishe ile kona yenye faru. Mkiiona kwenye magrupu yenu wekeni huu uzi chini yake. Na kama kuna mtu humu ana mzee aliyekuwepo Kyaka Novemba 1978 na ana picha halisi ya lile daraja la muda, hata kama imekunjika, hata kama imeliwa na mchwa nusu, naomba aiweke hapa na aandike ilipigwa ukingo upi, kusini au kaskazini. Kilima chenye lile kanisa lililobomolewa kikionekana nyuma mimi nitaitambua ndani ya dakika moja, na mama nitamkalisha aitazame.