Yule GP wetu, daktari wa mtaa wa karibu na stesheni, mnaomsifia mjitokeze leo!

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi natetemeka, na si kwa homa tu. Simtaji, mnamjua: tai za maua, miwani utosini. Wabongo wa Reading, Uingereza, tumejazana kwake kwa kuambiana "yule mpole". Mpole!

Nimerudi Tanga juzi. Usiku homa imenitikisa mpaka kitanda kimehama ukuta. Namwambia dokta, nahisi malaria, nipime damu. Akaingia Google. Mbele yangu! Akaandika "malaria", akanigeuzia skrini: "Inafanana na hii?" Kwenye skrini kuna picha ya mbu. MBU, wakuu! Nijibu nini, kwamba mabawa bado hayajaota?

Kisha parasitamoli, maji mengi, kwaheri. Hivi mtu katoka nchi yenye malaria ana homa, si anapimwa damu siku hiyohiyo, hata hapahapa Uingereza? Yeye ananionyesha mbu!

Mwenye GP wa maana aseme, nahama leo leo.

Kisiki: Sasa mkuu, umefanana au hujafanana? Weka picha tuamue.

MamaZuu: Kaka, acha uzi, nenda A&E, dharura ya hospitali, ukapimwe! Matusi yatakusubiri.

Mleta uzi: Niko A&E, foleni haisogei. Nikifumba macho naona ile skrini. Mbu!

Chuma_Leicester: Shukuru umemwona dokta. Mie saa mbili kamili asubuhi nimeshika simu, ikipokelewa nafasi zimeisha. Na dada wa mapokezi anavyokuhoji, utadhani ndiye atakayekupasua.

Kipepeo: Mimi walinikatalia usajili eti sina bili yenye anwani. Jamani, England kujisajili kwa GP si lazima kitambulisho wala bili! Wabishieni.

Mzee_wa_Rotterdam: Mnadeka. Huku Uholanzi hata ukija na mguu mkononi, parasitamoli.

Binti_Pangani: Kwenye viza nimelipia NHS, matibabu ya serikali, pauni 1,035 kwa kila mwaka, na jino linauma, dentisti wa NHS hapatikani.

Chuma_Leicester: Jino subiri uende Dar.

Kisiki: Eti, nani anaenda Dar mwezi huu ana kilo? Nina kamzigo kadogo.

MamaZuu: Kadogo kama kale kaliotozwa ziada uwanjani? Hela yangu iko wapi, Kisiki?