Naenda kwa mwanangu Maskati mara ya pili, safari hii nataka kutembea. Nitasemaje bila kuwaelemea?

BiMwalimu_Ngamiani

Assalaam alaykum, habari zenu ndugu zangu. Nina jambo linanikaa rohoni, naomba ushauri, hasa kwenu mlioko Uarabuni au mnaotembelewa na wazazi huko ughaibuni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, umri miaka 64, naishi Tanga. Binti yangu ameolewa Oman, wanakaa Seeb, pembeni ya Maskati. Miaka miwili iliyopita nilikwenda kukaa naye wiki sita alipojifungua mtoto wa pili. Nilimkanda, nikamwogesha mtoto, nikampikia uji wa pilipili manga, na sijutii hata siku moja. Lakini katika wiki zile sita, nilichokiona Oman ni kuta za nyumba, duka kubwa moja lenye baridi kali, na njia ya uwanja wa ndege. Niliporudi, wenzangu wa kijumbe, chama chetu cha kuchangishana pesa, wakanizunguka: "Haya mwalimu, tupe habari za Maskati." Sikuwa na la kuwapa. Nimefundisha historia na jiografia miaka 31, nimewaandikia watoto wa watu habari za Maskati na Unguja ubaoni, halafu nafika mahali penyewe nisipaone! Iliniuma.

Sasa inshallah Januari naenda tena, wiki nne. Binti ni muuguzi, anaingia zamu. Mkwe wangu ni kijana mwema, ana heshima mpaka naona haya, ila akirudi kazini amechoka. Kila nikifikiria kusema "nipelekeni mahali", ulimi unakuwa mzito. Nahofia wataona bi mkubwa amekuja kutalii, si kuona wajukuu. Nimejiwekea pesa yangu kidogo kidogo, itafika kama riyali 70, sitaki kumtoa mkwe hata baisa.

Nielekezeni mahali ambapo mtu wa umri wangu mwenye goti bovu atapaweza, na vitu vidogo vya kujifurahisha visivyomaliza pesa. Na zaidi ya yote, nitaanzaje kusema?

Mkaazi_wa_Seeb

Waalaykum salaam mama, karibu sana. Umechagua mwezi wenyewe. Januari mchana ni nyuzi 25 hivi, usiku zinashuka mpaka 17 au 18, chukua sweta na kanga nzito. Ungekuja Juni ungekuta joto limepita nyuzi 40, hapo hata sisi wenyeji hatutoki mpaka jua lizame.

Nianze na ulipo, maana watu hukimbilia mbali wakaacha cha mlangoni. Seeb kuna soko la zamani, liko ufukweni kabisa, na soko la samaki karibu yake. Nenda asubuhi. Utawakuta nguru na jodari wamelazwa, walewale wa kwenu Tanga, na utasikia bei zinavyobishaniwa. Jioni rudi ufukweni ukatembee. Watu wanatoka na watoto, na mishikaki inachomwa juu ya mkaa. Wenyewe wanaiita mishkak, na inakuja na rojo la ukwaju. Utakula ukijihisi uko nyumbani.

Halafu karak. Hii ni chai ya maziwa iliyopikwa mpaka ikawa nzito, ina iliki. Gari linasimama mbele ya kibanda, dereva anapiga honi, kijana anakuletea dirishani. Kikombe ni baisa 100 au 200. Riyali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo ukitoa riyali moja familia nzima imekunywa na wewe ndiye uliyewakirimu. Goti halihusiki, umekaa zako kwenye gari.

Lugha isikutie hofu. Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoanza kutawala, familia nyingi za Kiomani zilizokuwa Unguja, Pemba na bara zilirejea huku, na Kiswahili kikaja nazo. Wewe toa salamu, kisha chomeka neno moja la Kiswahili dukani uone.

Kwale_Mzee

Dada mwalimu, mimi nitasema tofauti, usinichukie. Kwa mkwe panataka uzito. Vijana wana kodi, wana deni la gari, wana ada za watoto. Nilikwenda kwa mwanangu Doha mwezi mzima, sikuomba kitu. Nilikaa, nikawaombea dua, nikaondoka na heshima yangu. Wajukuu ndio matembezi yenyewe.

Lamu_mpaka_Toronto

Mzee wangu wa Kwale, shikamoo. Naheshimu neno lako, lakini niruhusu niseme kutoka upande wa mtoto.

Mama yangu alikuja kwangu Toronto kiangazi cha 2019, miezi mitatu. Nilikuwa na kazi mbili. Kila nikimuuliza, "Mama, unataka kwenda wapi?" ananijibu, "Mimi niko sawa, wewe pumzika mwanangu." Nikamwamini. Nilikuwa nimechoka, na jibu lile lilinifaa.

Ilipobaki wiki moja aondoke, nikampeleka tukapande feri ya kwenda visiwani, pale mbele ya jiji. Ni safari fupi, robo saa haifiki. Nikamnunulia aiskrimu ya koni. Tulipofika ng'ambo akasogea hadi majini, akachota kwa kiganja, akaonja. Mtu wa Lamu, hajawahi kuona maji mengi namna ile yasiyo na chumvi. Nikamwambia ni ziwa, Ziwa Ontario. Akachota tena akaonja mara ya pili kuhakikisha, akacheka sana, kisha akaniuliza, "Haya maji yalikuwa hapa siku zote hizi?"

Yalikuwa hapo, dakika 40 kutoka nyumbani kwangu. Mama alifariki 2022. Nina picha nne za siku ile. Za miezi ile mingine yote ninazo za jikoni.

Mama mwalimu, usiseme uko sawa. Tafadhali.

Ukhty_Mabela

Kaka wa Toronto umeniliza asubuhi hii. Mungu amrehemu mama.

Mama mwalimu, nakuja kwenye lile swali lako la utaanzaje. Mimi ni binti ninayetembelewa na mama kila mwaka, nakwambia kinachotusumbua sisi. Maneno "mkipata nafasi" hayatusaidii. Nafasi haipatikani kamwe. Mwambie sasa hivi kabla hujaondoka Tanga, kwa sauti kwenye simu, na utaje mahali na siku. Wikiendi huku ni Ijumaa na Jumamosi. Sema: "Mwanangu, Ijumaa ya pili nikifika nataka Nizwa, kule kwenye ngome ya zamani. Na asubuhi moja nataka msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos." Atapanga zamu zake mapema. Anayeelemewa ni yule anayeshtukizwa.

Pesa ya mafuta mkwe hataipokea, usijaribu, utamtia aibu. Lipia vinavyoliwa: kifungua kinywa njiani, karak, halua ya kubeba. Hapo atanyamaza.

Zipo pia siku ambazo hutahitaji gari lao. Mabasi mekundu ya Mwasalat yanapita barabara kuu kuelekea mtaa wa Ruwi, hapohapo Maskati, na kutoka Ruwi unachukua la Mutrah, kwenye bandari na soko la zamani. Nauli ni baisa mia kadhaa. Mama yangu, mtu wa Wete, sasa anakwenda peke yake na kikapu chake. Mutrah panakufaa kwa goti: njia ya kando ya bahari ni tambarare na ina viti, unakaa unatazama meli bandarini. Ukivuka barabara ndiyo umeingia sokoni. Angalia saa tu: kuanzia kama saa saba mchana mpaka saa kumi maduka mengi yanafungwa, na Ijumaa asubuhi pia. Nenda saa kumi na moja jioni, soko lote linanuka ubani. Ubani wa Dhofar, kusini mwa Oman, ununulie hapo, ule uitwao Hojari, chembe zake nyeupe zinazoelekea kijani. Usinunue duka la kwanza. Uliza bei maduka matatu.

BiMwalimu_Ngamiani

Nimesoma yote, mengine mara mbili mbili. Mwanangu wa Toronto, pole. Nimekusikia.

Ukhty, umenitaja msikiti mkubwa. Mimi ni Muislamu, naingia wakati wowote wa sala, au kuna utaratibu? Na Nizwa nimeitaja darasani mara nyingi. Kuna ngazi nyingi?

Mkaazi_wa_Seeb

Mama, kuswali utaswali, lakini ukumbi wa wanawake ni mwingine, mdogo, na kinachostahili kutazamwa kiko ukumbi mkubwa wa wanaume. Kwa hiyo nenda saa za watazamaji, saa mbili mpaka saa tano asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi, ndipo wanawake pia wanaingia kule. Msikiti ulifunguliwa 2001. Zulia lake ni moja, mita 70 kwa 60, limefumwa kwa mkono kwa miaka minne, uzito tani 21. Juu yake inaning'inia taa ya kioo yenye urefu wa mita 14. Sehemu kubwa ni marumaru tambarare. Vaa viatu vya kuvua upesi.

Nizwa ni saa moja na nusu kwa gari. Ondokeni Ijumaa mara baada ya sala ya alfajiri, maana mnada wa mbuzi unaanza mapema na saa tatu watu wanatawanyika. Wauzaji wanazungusha mbuzi kwenye duara, wanunuzi wamekaa pembeni na katikati, wanaita bei mnyama akipita. Wajukuu watafurahi kuliko bustani yoyote ya michezo.

Ngome iko palepale. Uani utatembea bila tabu. Mnara una ngazi nyembamba na kali, huo waachie vijana. Lakini wewe mwalimu wa historia usiondoke bila kuugusa ukuta wake. Aliyeujenga ni Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, na ulichukua miaka 12. Ndiye aliyewang'oa Wareno Maskati mwaka 1650. Na mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye wakati wake Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu Mombasa, 1698. Ukuta ule na ule wa Mombasa una hadithi moja.

BiMwalimu_Ngamiani

Hiyo ya 1698 nimeiandika ubaoni kila mwaka. Sasa ndiyo siwezi kukaa ndani tena. Kesho nampigia binti.

Kwale_Mzee

Nimerudi kusoma. Kijana wa Lamu, nimekuelewa. Sikuwahi kumuuliza mwanangu yeye alijisikiaje mwezi ule. Nitamuuliza.

BiMwalimu_Ngamiani

Ndugu zangu, ni Februari, nimerudi Tanga salama, nimeona si vizuri ninyamaze baada ya msaada wote ule.

Nilimpigia binti kama mlivyonielekeza. Nikamtajia: msikiti, Mutrah, Nizwa. Akakaa kimya, mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mama, mwaka ule nilidhani hupendi kutoka. Kila tukikuita unasema umechoka." Kumbe tulikuwa tunaoneana haya wote wawili.

Msikitini tulikwenda mimi na yeye tu, ametoka zamu ya usiku, hakutaka kulala. Tulikaa kwenye lile zulia tukilipapasa. Sikuwa nimekaa peke yangu na mwanangu, bila mtoto wala chungu jikoni, tangu siku aliyoolewa. Tulizungumza mambo mengi ambayo simu haiyabebi.

Nizwa tulikwenda sote. Mjukuu wa miaka saba alitaka kila mbuzi anunuliwe. Mnara sikuupanda, lakini ukuta niliugusa, na nikamweleza mkwe wangu habari ya mwaka 1698. Yeye Muomani, alizijua za Nizwa, za Mombasa alizijua kwa juujuu. Akaniuliza maswali njia nzima ya kurudi. Mafuta alikataa, kama Ukhty ulivyosema. Nikalipa chapati na mayai ya watu watano, akasema, "Leo mama ametulisha."

Soko la Seeb nililifanya la kwangu. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa miguu, polepole, nikarudi na samaki. Muuza samaki mmoja alinisikia nikihesabu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili cha Pemba, na tangu siku hiyo akawa ananichagulia.

Lakini nililolipenda kuliko yote ni karak. Magharibi ikipita, mkwe ananiuliza mlangoni, "Mama, twende?" Tunapanda gari mimi, yeye na watoto, anapiga honi, vikombe vinakuja dirishani. Dakika 20 tu, wakati binti anajiandaa kwenda zamu. Wajukuu wakashika zamu ya kulipa kwa sarafu zangu. Katika zile riyali 70 nimerudi na 22.

Ubani nimemnunulia kila mwenzangu wa kijumbe fungu dogo. Na halua nimeleta kopo moja kubwa, ile yenye zafarani na maji ya waridi. Tumeifungua jana alasiri kwangu, na kahawa. Waliniuliza tena habari za Maskati. Kopo liliisha nikiwa bado sijafika Nizwa.