Nuyorican Soul: album ya ma-DJ wawili au ya waliopiga vyombo?

mpenda_santuri:
Wadau habari za usiku. Jana kwa shemeji tumeweka ile Nuyorican Soul ya 1997, ya wale ma-DJ wawili wa New York, Little Louie Vega na Kenny Dope. Salsa imo, soul imo, hausi (muziki wa dansi wa mashine) imo, Roy Ayers na Vincent Montana wako kwenye vibrafoni (vibao vya chuma vya kugonga), Tito Puente mpiga ngoma yumo, George Benson wa gita yumo, Jocelyn Brown anaimba mpaka nywele zinasimama. Shemeji akasema kazi si ya ma-DJ, wamewaita wakubwa wakapiga halafu wao wakajibandika juu. Mimi nasema ni yao kabisa, maana bila wao hao watu wasingekaa kwenye album moja. Nyie mnasemaje?

fundi_gita:
Shemeji yako kasema kweli tupu. Nimepiga gita kwenye bendi miaka 19 najua vidole vinavyouma, DJ anabonyeza kitufe basi. Siku hizi hata harusini wanaleta DJ mmoja na laptop, bendi ya watu kumi inaambiwa bajeti hakuna.

binti_mchanganyaji:
Kitufe? Kaka hilo neno nimelisikia tangu nianze kupiga muziki na leo silinyamazii. Njoo ubonyeze wewe saa nane usiku tuone kama watabaki watu watano ukumbini. Unajua kuunga ngoma ya salsa kwenye hausi bila watu kukosea hatua? Salsa inakaa kwenye klave, ile mipigo mitano ya vijiti, hausi inapiga teke nne zilizonyooka, yaani ngoma nzito kila mpigo, ukikosea kidogo tu vinagombana. Kenny Dope anaijua hiyo kazi kwenye damu.

fundi_gita:
Dada hujanijibu habari ya harusi.

binti_mchanganyaji:
Harusi imeingiaje hapa jamani???

mpenda_santuri:
Turudi kwenye album basi. Sikilizeni wimbo wa Runaway, ya kwanza ilikuwa ya Salsoul Orchestra 1977 kaimba Loleatta Holloway, hawa wakampa yule mwimbaji anayeitwa India aimbe, na Montana aliyekuwa anaongoza hiyo orkestra wakamrudisha studio. Hata jina Salsoul ni salsa na soul zimeunganishwa. Wamefuata mzizi kwa heshima, hawajaiba. Halafu Louie Vega ni mpwa wa Héctor Lavoe, mwimbaji mkubwa wa salsa, salsa kaikuta nyumbani.

mzee_wa_tanga:
Mpwa wa Lavoe ndio nini sasa, mjomba wangu alikuwa nahodha na mimi meli siijui.

wa_lubumbashi:
Bandugu mnagombana bure. Hiyo salsa yote ni mali ya Kongo. Bazee betu walipelekwa Cuba utumwani na ngoma zao, hiyo tumba, ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono, mnayosikia kwenye album ni ya kwetu.

mzee_wa_tanga:
Aaah tumeanza! Kila kitu Kongo. Salsa ni ya Wacuba na Wapuerto Rico, jina limekulia New York kwa akina Fania, kampuni ya santuri za salsa, nyie mmeiga rumba kwenye santuri.

wa_lubumbashi:
Umesema KUIGA? Santuri za GV, zile za muziki wa Cuba, zilianza kuletwa Afrika miaka ya 30, vijana wa kwetu wakasikia wakasema huyu mtoto wetu amerudi. Mtu haigi sauti ya ndugu yake. Na wanamuziki wa Fania wenyewe walikuja Kinshasa 1974 na Celia Cruz, jukwaa moja na James Brown na Bill Withers, wakati wa ngumi za Ali na Foreman. Wacongo waliimba nao.

mzee_wa_tanga:
Ile tamasha ilikuwa Oktoba, siku moja na ngumi, nakumbuka vizuri.

binti_mchanganyaji:
Hapana mzee, tamasha ilikuwa Septemba. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa mpaka 30 Oktoba, muziki ukaendelea kama ulivyopangwa.

mzee_wa_tanga:
Haya, Septemba. Bado neno langu ni lilelile, Wacuba wapewe haki yao.

fundi_gita:
Na Kinshasa pale hakukuwa na DJ. Franco alikuwa na gita mkononi.

binti_mchanganyaji:
Kaka una kisasi. Sema tu ulinyang'anywa kazi ya harusi tukupe pole, maana pole unastahili, nasema toka moyoni, ila usinitukanie kazi. Mimi nimejifunza kwa santuri za baba, chumba kimoja, mashine moja mbovu, mpaka leo sina kiti cha kukaa nikipiga.

fundi_gita:
Sijakutukana wewe. Ila bendi yetu imevunjika mwaka jana na hakuna aliyeuliza.

wa_lubumbashi:
Pole ndugu. Mlikuwa mnapiga nini?

fundi_gita:
Rumba na chacha. Za Tabu Ley nyingi.

mzee_wa_tanga:
Chacha ni ya Cuba hiyo!

mpenda_santuri:
Wadau mimi niliuliza ya nani, ma-DJ au wapigaji, shemeji anasubiri jibu tangu saa mbili.

wa_lubumbashi:
Mwambie ya Kongo.