Simu ya milioni tatu imenifanya mwongo kwa wateja wangu

Wakuu, aisee, leo nimekuja na hasira zangu zote. Na mjue uzi huu nauandika kwa simu ya laki mbili na nusu, kioo kimepasuka pembeni, wakati ile ya milioni tatu imelala kwenye droo ya kabati kama cheti cha ubatizo.

Mimi nauza viatu vya mtumba pale soko la Memorial, Moshi. Mwaka wa tisa sasa. Zamani ulikuwa unapanga meza, unakaa, mteja anakuja. Siku hizi meza peke yake haikulishi. Kiatu unakipiga picha asubuhi, unakiweka stetasi ya WhatsApp, jioni unaingia laivu TikTok, mteja analipa, mzigo unapanda basi, kesho yake mtu wa Dodoma anakipokea stendi. Kwa hiyo simu kwangu si urembo. Simu ndiyo duka lenyewe.

Desemba tulipovunja kikoba, kila mtu akawa mshauri. Mdogo wangu aliyeko Dar, kijana wa fundi simu, hata mteja mmoja wa kanisani: "Dada, acha kubahatisha, chukua toleo la juu kabisa la mwaka huu, utaona biashara." Nikachukua. Milioni tatu na laki mbili. Baba watoto anajua ni milioni moja na nusu, na naomba ibaki hivyo hivyo.

Sasa kabla hamjaanza na ile yenu ya "umeuziwa feki", nyamazeni kwanza. Nilipiga *#06#, nikatuma IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 ya TCRA ya kuhakiki simu, jibu likarudi na jina la kampuni na toleo lile lile lililoandikwa kwenye boksi. Simu ni halali. Kampuni siitaji, kwa sababu nimeuliza wenzangu wenye za kampuni nyingine, za bei hiyo hiyo, kilio ni kimoja.

Tuanze na kamera, maana ndiyo niliyoilipia.

Wanawake wanaonunua viatu wanajua rangi jamani. Kuna nyekundu, kuna damu ya mzee, kuna ugoro, kuna kaki, kuna kijani cha jeshi, na ukimkosea hata kidogo anakurudishia. Simu hii haijui damu ya mzee. Ukiiwekea kiatu cha damu ya mzee inakuletea nyekundu ya kung'aa, nyekundu ya pilipili hoho, eti ndiyo imependeza. Mama mmoja wa Same alikuwa na sendoff ya binti yake, kitenge chake kina nyekundu, akakiona hicho kiatu stetasi, akalipa palepale bila hata kuomba punguzo. Mzigo umefika, ananitumia sauti: "Mwanangu, umenitumia kiatu cha mtu mwingine." Nikamwapia kwamba ndicho chenyewe. Akapiga picha kwa simu yake ya kawaida, akanitumia. Nikaweka picha mbili pamoja. Wakuu, mama alikuwa na haki, mimi ndiye niliyekuwa naonekana tapeli. Nauli ya kukirudisha nimelipa mimi, na sendoff amevaa vya kuazima.

Hilo la rangi ningelimeza. Hili la pili ndilo limenitoa machozi. Mtumba una historia yake: ngozi ina makunyanzi, soli imeanza kuachia, kisigino kimelika upande. Utaratibu wangu tangu naanza ni kuionyesha kasoro kwanza, ndipo nataja bei. Ndiyo maana mtu wa Tanga ananitumia pesa na hajawahi kuniona sura. Sasa simu hii ukibonyeza mara moja tu, yenyewe inapiga picha kadhaa kwa mpigo, nyingine za giza, nyingine za mwanga mkali, halafu inaziunganisha kuwa moja ili sehemu za kivuli zionekane vizuri. Kijana wa fundi ndiye alinieleza. Nikamuuliza, na kunyanzi kwenye ngozi si ni kivuli? Akacheka. Kunyanzi linafutwa, mkwaruzo unalainishwa, kiatu kilichotembea miaka minne kinatoka kama kimetoka dukani leo. Wateja watatu ndani ya wiki mbili wameniandikia neno lile lile: "Umenificha." Mimi! Mimi ninayemwambia mtu "dada hiki usichukue, kitakuachia njiani"!

Nimezima kila kilichozimika. Nimezima kuboresha mandhari, nimezima akili mnemba, nimeingia kwenye menyu ambazo nadhani hata aliyezitengeneza hajawahi kurudi. Inapungua, haiishi. Kuna namna moja ya kupiga picha mbichi kabisa, lakini picha moja inakuwa nzito kama video na inabidi ukaipike mwenyewe kwenye programu nyingine. Mimi kwa siku napiga pea arobaini mpaka sitini. Nitapika saa ngapi?

Halafu ile megapikseli 200 mliyoniimbia, yaani vidoa milioni 200 vya picha. Kumbe kwa kawaida inaunganisha vidoa kumi na sita kuwa kimoja, picha unayoipata ni megapikseli 12 na nusu. Nayo ukiitupia WhatsApp inapunguzwa tena. Mteja wangu anaangalia kwenye kioo cha inchi sita akiwa kwenye daladala.

Na msinisahaulishe ukungu. Kwa kuwa kihisi cha kamera ni kikubwa, ukikaribia kiatu, ncha ya mbele inaonekana safi na kisigino kinapotelea kwenye ukungu, kama picha ya harusi. Ukisogea zaidi ili mtu asome namba kwenye ulimi wa kiatu, kamera inaruka yenyewe kwenda lenzi nyingine, picha inapinda. Mtaalamu mmoja akanishauri: "Rudi nyuma mita moja, kisha vuta." Nirudi wapi? Nyuma yangu kuna meza ya mikoba ya jirani, na nyuma yake kuna mama wa ndizi. Simu yangu ya zamani yenye kamera ndogo inaona kiatu chote, mbele na nyuma, na makunyanzi yake.

Sasa laivu. Kuna watu wanadhani Moshi ni baridi kwa sababu wanauona mlima una barafu. Njooni Januari saa nane mchana chini ya bati la Memorial. Maelezo ya simu yenyewe yanasema itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Ndani haina feni, mwili ni kioo na chuma, kazi yote ya kurusha video na kutafuta mtandao inageuka joto, na joto halina pa kwenda. Dakika ya kumi na tano mwanga wa kioo unashuka wenyewe. Mwanga ule ule waliousifia kwamba utaona hata juani! Dakika ya ishirini na kitu video inaanza kukwama. Kisha linakuja tangazo kwamba simu imepata joto, kamera inafungwa mpaka ipoe. Siku ya kwanza nilikuwa na watu mia moja na arobaini wanatazama, nimeshika raba nyeupe namba 41 mkononi, wanaume wawili wanapandishiana bei. Kioo kikawa cheusi. Jirani kaja mbio na kipande cha kanga kilicholowa maji, mwingine kaja na soda ya baridi anataka niibandike mgongoni mwa simu. Tulikuwa kama tunamuuguza mtoto wa degedege.

Chaja haikuwemo kwenye boksi. Hilo nilijua, naona wakubwa wa biashara hii walilianzisha tangu 2020 wakasema ni kwa ajili ya mazingira, na mazingira yangu mimi yakawa ni kwenda Double Road kutafuta chaja yenye kasi yake, nikauziwa mbili za uongo kabla sijapata ya kweli. Kava la toleo hili Moshi halipo, limeagizwa Kariakoo. Protekta niliyobandikwa imefanya kidole kisisomeke, kwa hiyo naandika namba ya siri mbele ya soko zima. Bando: video ya 4K, ile ya ubora wa juu, kwa fremu 60 kwa sekunde ina uzito wa karibu MB 400 kwa dakika moja, na siku ya kwanza simu ilikuwa inajipakia picha zangu huko mawinguni usiku kucha kwa bando langu, nikaamka sina kitu. Nafasi ya memori kadi hakuna. Na nikiandika "ipo" inabadilisha kuwa iPod. Mteja anauliza namba 38, namjibu iPod.

Lakini haya yote ni kelele za sokoni ukilinganisha na suala la laini.

Simu ina tundu moja. Moja! Mfanyabiashara gani ana laini moja? Ya pili inabidi iwe eSIM, ile isiyoshikika, inayokaa kwenye chipu ndani ya simu. Nikaenda ofisi ya mtandao, foleni, namba ya NIDA, kidole, laini yangu ya biashara ikahamishwa. Dada wa kaunta akanipongeza kabisa.

Wiki ya kwanza ya Januari, mnajua wenyewe, shule zinakaribia kufunguliwa. Viatu vyeusi vya watoto ndivyo vinavyolisha nyumba mpaka Machi. Nikasikia kuna belo la viatu vya shule linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na pale sheria ni moja, aliyelipa ndiye anayebeba. Usiku umeme ulikatika, simu sikuichaji. Nikatoka nayo ina asilimia nne. Nimechagua pea kumi na nane, safi, nyingine hazijakunjika hata ulimi. Napiga menyu nilipe, naingiza namba ya siri, ikazima mikononi mwangu.

Miaka yote hilo halijawahi kuwa tatizo. Unachomoa laini kwa pini ya nywele, unaiweka kwenye kitochi cha jirani, unapiga menyu, unalipa, unarudishia kitochi chake na "asante mama". Sasa nitachomoa nini? Nina laki nne na elfu themanini kwenye laini, nimesimama katikati ya watu nimeshika simu ghali kuliko ya mwenye belo, na siwezi kulipa hata elfu moja. Kijana mmoja akaleta pawabenki, waya wake ni wa ile pini ya zamani. Mwingine akaenda kutafuta waya. Simu ilipowaka, ikaanza kujipamba na nembo yake taratibu. Zile pea kumi na nane zilikuwa zimeshaingia kwenye kiroba cha dada mmoja wa Kiboriloni, aliyelipa kwa kitochi chenye raba kiunoni kikishikilia betri.

Simlaumu. Alinitazama kwa huruma kabisa.

Kesho yake nikarudi ofisi ya mtandao kurudishiwa laini ya plastiki. Foleni tena, NIDA tena, kidole tena. Dada wa kaunta yule yule: "Mbona unarudi nyuma, dada?" Sikumjibu, ningefungwa.

Nitasema na zuri lake, nisije nikaitwa mchawi. Ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ninayooshea viatu, nikaitoa, nikaifuta, ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Ingawa nilivyosoma baadaye, ile IP68, alama ya simu kuzuia maji, inapimwa kwa maji masafi, si povu la sabuni, na ingekufa dhamana isingenisaidia kitu. Sauti ya simu inasikika vizuri. Mwanangu wa kidato cha pili anaipenda sana kwa michezo, na nadhani huyo ndiye mtu waliyemfikiria walipokuwa wanaitengeneza, mtu mwenye muda, mwenye kivuli, asiyeuza chochote.

Kuna watakaokuja kusema sijui kutumia. Sawa. Nifundisheni basi, niko hapa: jinsi ya kuiambia simu damu ya mzee ibaki damu ya mzee, na kunyanzi libaki mahali pake. Mwenye kulijua hilo kwa uhakika, kwa kiatu na si kwa picha za machweo, aandike hapa chini nitamshukuru hadharani.

Asiyejua ila anaitaka simu, anifuate tuongee. Haina mkwaruzo, na safari hii nitaipiga picha kwa ile ya laki mbili na nusu ili muamini. Boksi lipo. Chaja haimo, hata mimi sikupewa.